Moto Wangu, Sikio Lake

Mtu akitaka kunikasirisha asubuhi na mapema, na aniambie hakuna fundi aliyewahi kutokea Nakuru kama Mzee wa Taimingi. Wengi huniambia. Husimama mbele ya kibanda changu hapa Bondeni, wameniletea betri ya bodaboda niichaji, wanaona spana zangu zimetundikwa ukutani, wanauliza kama nilifanya kazi kwa ile gereji ya zamani. Nikisema ndiyo, macho yanang'aa. "Kwa hivyo ulimjua yule mzee?" Nilimjua. Miaka kumi na minne tulikula ugali wa sufuria moja. Nyinyi mnamjua kwa sifa, mimi namjua kwa mgongo, maana ndio alionigeuzia siku niliyomhitaji.

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja wengi wasingejua ni la nani. Pale gereji kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Kulikuwa na wa bodi, wa springi, wa rangi, wa kabureta, na mimi nilikuwa wa waya: taa, stata, betri, koili, plagi. Mwanamke peke yangu. Wenzangu waliniita Mama Waya, wateja waliniita mathe. Yeye aliniita msichana. Niliingia pale na miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni, nikatoka na arobaini na huyo mtoto yuko sekondari, na bado nilikuwa msichana.

Kazi yake ilikuwa moja tu, na ndiyo ilimpa jina. Kwa asiyejua: petroli ndani ya injini hushika moto kwa cheche ya plagi, na cheche hiyo lazima ije kwa wakati wake. Ikichelewa, gari linavuta kama mtu aliyelala njaa. Ikitangulia, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda, unaigonga kichwani. Anayeamua ni distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Unalegeza bolti yake, unaizungusha kidogo tu, unene wa ukucha, na hapo gari hupona au hufa. Hiyo ndiyo taimingi.

Wengine huiweka kwa tochi maalumu, inayomulika alama kwenye puli ya injini. Yeye aliiweka kwa sikio. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kabla ya hapo aliinua mkono, na gereji nzima ikanyamaza. Hata yule wa bodi, mtu mwenye kiburi chake, aliweka nyundo chini. Mzee akazungusha distribyuta taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwa redio ya zamani, mbele, nyuma, mbele, mpaka injini ikatulia na kuimba. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Sitasema uongo kwa sababu nina uchungu.

Alikuwa na misemo yake. "Gari haidanganyi, mwenye gari ndiye hudanganya." "Injini ikicheka sana, ujue kilio kiko karibu." Mteja akimharakisha alimwambia, "Wewe ni mtu wa haraka," na kwake hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote, maana matusi mengine hakuyatumia. Alivaa shati jeupe ndani ya ovaroli. Kabla ya kula alinawa mikono kwa unga wa mbao na sabuni ya kufulia mpaka ikawa kama ya karani, kisha akaomba, na maombi yake yalikuwa marefu mpaka ugali ukapoa. Tulimngojea. Nani angeanza kula kabla ya Mzee kusema amina?

Alipenda kusema elimu ni ya kugawa. Alisema hivyo kila mgeni alipokuja gereji, akiwa amekunja mikono kifuani. Lakini alipofika kwa distribyuta, aligeuza mwili akakupa mgongo, usione mkono wake unafanya nini. Miaka kumi na minne sikuwahi kuona ule mkono. Nilijifunza taimingi kwingine, kwa fundi mmoja wa Gilgil aliyenifundisha Jumamosi tatu bila kuficha chochote, na huyo hakuna anayeniuliza kama nilimjua.

Tulikuwa na sheria pale gereji, haikuandikwa popote. Gari likifika na shida, mwenyekiti wetu sisi mafundi aliuliza swali moja: "Ni mafuta ama ni moto?" Ikiwa mafuta, lilienda kwa wa kabureta. Ikiwa moto, yaani umeme na cheche, lilikuja kwangu. Sasa taimingi, kwa haki, ni mambo ya moto. Mtoto wa darasa la nne angeona. Nilimwambia hivyo mwaka wangu wa pili, nikitaka na mimi nishike distribyuta, akanicheka kwa upole. "Msichana, moto ni wako. Koili yako, plagi yako, waya zako, sitagusa. Lakini taimingi si moto. Taimingi ni sikio." Watu wakacheka na kutingisha vichwa, na ikawa ndiyo katiba. Moto wangu, sikio lake. Mtu akileta gari aliambiwa hivyo, kama mnavyoambiwa choo kiko upande gani.

Nikisema alikuwa mtu mbaya nitakuwa nimerahisisha mambo. Mama yangu alifariki, na nyumbani kwetu ni mbali, magharibi huko, karibu na mpaka. Sikutegemea mtu wa gereji aje. Nilipotazama siku ya mazishi nikamwona anashusha viti vya plastiki kutoka kwa gari lake, shati jeupe, ameendesha usiku kucha. Alibeba viti, akabeba maji, akasimama na wajomba zangu kaburini akatupa mchanga kama mtu wa ukoo. Baadaye akaniambia, "Msichana, lia. Kazi itangoja." Nililia begani mwake. Ndiyo maana kilichofuata hakinitoki. Mtu asiyekujali akikuumiza, unapangusa vumbi unaenda. Lakini huyu alinizikia mama.

Basi. Magari ya zamani, yale ya pointi, yalipoisha, yakaja ya elektroniki. Ndani ya distribyuta hakuna tena pointi za kusugua kwa msasa, kuna kisumaku na kisanduku kidogo. Watu walisema Mzee amekwisha. Hakwisha. Distribyuta bado ilizunguka, sikio bado lilisikia. Kisha yakaja ya katikati, ambayo leo nayo yamezeeka: yana distribyuta, lakini pia yana kompyuta inayosogeza cheche mbele na nyuma yenyewe. Hayo yana dawa yake. Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi chenye vishimo. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha vishimo viwili, na kompyuta inaacha kuingilia. Ndipo unamulika alama, unazungusha, unafunga bolti, unatoa waya. Bila huo waya, unapima kitu kinachosogea. Utadhani umeweka sawa, kumbe ni kompyuta inakufichia aibu mpaka siku ya mlima.

Mzee hakutaka kusikia habari ya waya. "Siwezi kumfunga mtu mdomo halafu niseme namsikiliza." Hiyo pia watu waliipenda sana. Na kwa miaka mingi ilimwendea vizuri, kwa sababu alikuwa mjanja: akishaweka taimingi alilipandisha gari kwenye kilima upande wa Menengai, dirisha wazi, akakanyaga petroli. Cheche ikitangulia sana, injini ikiwa kwa kazi hutoa mlio mdogo mkali, kama kokoto ndani ya mkebe. Akiusikia alisimama kando ya barabara, akarudisha distribyuta nyuma kidogo. Mlio huo ndio ulikuwa mwalimu wake.

Mwaka wangu wa mwisho pale niligundua simu yake inalia mfukoni na hashtuki. Alikuwa na simu nzuri kuliko sisi sote, yeye aliyechukia kompyuta, na mlio wake ulikuwa wa ndege. Ndege waliimba, Mzee akaendelea kunywa chai. Lori likipita alisema, "Hiyo giaboksi inaelekea kufa." Sauti nzito alizisikia vizuri kabisa. Zile nyembamba zilikuwa zimemtoroka. Nikamwambia siku moja, tukiwa wawili, kwa adabu zote, "Mzee, si uende wakuangalie masikio?" Akanitazama kama nimemvua shati mbele ya watu. "Msichana, wewe shughulika na betri." Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikuwahi kufikiri nitaona hiyo methali ikitembea na ovaroli.

Sasa nifike kwa ile pikapu.

Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nyanya kutoka Mai Mahiu, mtu wa maneno mengi na mcheshi, anayejulikana kuanzia Naivasha mpaka huku. Alipakia nyanya kule chini, akapanda nazo eskapumenti, ule ukingo mkali wa Bonde la Ufa, kwenda soko za Nairobi. Pikapu yake ilikuwa ya hizo za katikati. Ilikuwa imekosa nguvu, akaambiwa na watu, nenda Nakuru kwa Mzee. Nilibadilisha waya za plagi, nikasafisha na kukaza waya wa kurudisha umeme kwa bodi, nikapima koili. Moto ulikuwa safi. Kisha Mzee akaja na bisibisi yake.

Nilisimama pale na kipande changu cha waya mkononi. "Mzee, hii ni ya kompyuta. Niifunge kwanza, dakika moja tu."

"Moto umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi wacha sikio lifanye kazi."

Mfanyabiashara akacheka. Mzee akanipa mgongo, akainama, gereji ikanyamaza. Tukaipandisha kilima, mimi nikiwa nyuma kwenye bodi, nimeshika vyuma. Nikausikia. Kokoto ndani ya mkebe, wazi kabisa. Nikagonga paa, tukasimama. "Mzee, inagonga."

Akainamisha kichwa upande, akakanyaga petroli mara mbili. Kokoto zikalia. "Hakuna kitu," akasema. Mwenye gari akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Mathe, huyu si mtu wa kubishana na yeye." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nimelibeba, sihitaji kukumbushwa. Ningechukua tochi nikamulika ile alama mbele yao wote. Lakini alikuwa ametupa mchanga kwa kaburi la mama yangu, nikaona nitamwaibisha.

Siku ya tatu pikapu ilikata roho katikati ya eskapumenti, imejaa nyanya. Pistoni imetobolewa katikati, unaweza kupitisha kidole. Mwenyewe alikaa pale kando ya barabara kutwa nzima juani na mzigo unaiva, unapasuka, unatiririka, malori yanampita yakipiga honi. Alirudi Nakuru akivutwa na kamba. Ule ucheshi ulikuwa umeisha.

Mwenyekiti akatuita wote, tukasimama kuizunguka injini iliyofunguliwa. Akauliza swali lake lile lile. "Ni mafuta ama ni moto?"

"Mafuta yako sawa," akasema wa kabureta. "Hii ni taimingi ilitangulia."

Nilikuwa natazama viatu vya Mzee, nikingoja. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, haki ya Mungu. Nilijua atakubali, atasema ni umri, tutamsaidia, tutachanga, mambo yaishe. Akatoa kitambaa chake akapangusa mikono iliyokuwa safi tayari.

"Taimingi ni mambo ya moto," akasema. "Na moto ni wa huyu msichana. Muulizeni alifunga hizo waya vipi."

Miaka kumi na minne taimingi ilikuwa sikio. Siku hiyo moja ikawa moto. Nilifungua mdomo nikaeleza habari ya vishimo, ya kompyuta, ya kilima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mtu anayetafuta pa kujificha. Wa bodi alinijua vizuri, alitazama chini. Mwenye pikapu hakutazama chini. "Nilikuona ukitaka kuchomeka waya kwa hiyo gari," akasema. "Mzee akakukataza. Ulichomeka akigeuka, si ndiyo?" Nikamtazama Mzee aseme hapana. Alikuwa anakunja kitambaa chake, pembe kwa pembe.

Mwenyekiti akaniambia nipumzike kidogo, mambo yapoe. Kupumzika kwenyewe ndiko huku, mwaka wa sita. Nilizunguka gereji nyingine mjini nikitafuta nafasi. Fundi akiharibu gari moja watu husahau, lakini mimi nilikuwa nimemharibia jina Mzee wa Taimingi, na aliyenitangaza alikuwa mwenye pikapu, mtu anayeongea na kila dereva kati ya hapa na Limuru. "Aah, ni yule mama wa waya?" Wananipa taa ya nyuma nibadilishe, wanasimama kando wakinichunga. Injini hakuna aliyenifungulia tena. Niliipenda ile kazi. Nataka hilo lisikike: sikuifanya kwa kukosa nyingine, niliipenda.

Mwezi uliopita alinitumia salamu niende kwake. Ni hapa hapa Bondeni, zile nyumba za zamani za kaunsili, na miaka sita sikuwahi kugonga mlango huo. Nilienda Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amekaa sebuleni, shati jeupe, amekonda. Masikio yameenda kabisa. Ukitaka akuelewe unakaa mbele yake, unaongea pole pole, anasoma midomo. Mkewe alituletea chai akatuacha.

"Nilijua," akasema. Hakunisalimia hata. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kama watu wasiojisikia. "Ile siku. Daktari alikuwa ameniambia miezi mitatu kabla, zile sauti ndogo zimekufa. Kwa kilima nilikuona unaposema inagonga, nikajua inagonga. Sikusikia kitu."

Miaka sita nilikuwa nimemwekea kisingizio kimoja, kwamba pengine aliamini kweli ni waya zangu. Hicho pia akanipokonya.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa na macho, mikono, umri. Mimi nilikuwa na sikio. Likienda hilo mbele ya watu, ningebaki nani?" Machozi yalimtoka, na mimi yangu hayakunitoka. "Nataka nitengeneze. Sema unataka nifanye nini."

Sikufikiri mara mbili. "Mpigie mwenye pikapu. Sasa hivi, nikisikia."

Akatoa simu. Alitafuta namba mwenyewe, nikamwekea laudspika, ikaita. Yule mtu akapokea kwa furaha: "Mzee wangu!" Mzee alinitazama usoni, nikamwashiria aseme. Na akasema. Siwezi kumnyima hilo, alisema yote, pale pale, kwa ile sauti yake ya kupasua dirisha. Kwamba taimingi aliiweka yeye. Kwamba mimi nilitaka kuifunga kompyuta akanikataza, na sikuchomeka chochote. Kwamba nilisikia injini ikigonga na yeye alikuwa kiziwi. Kwamba alidanganya mbele ya mwenyekiti. Nikaweka kikombe chini.

Kisha yule mtu akaongea, polepole, kwa heshima, kama mtu yuko kanisani.

"Mzee, wewe ni mtu wa Mungu. Miaka yote hii, na bado unambebea yule mama makosa yake? Mimi nilishamsamehe, usijisumbue. Lakini nitawaambia watu hii. Walahi nitawaambia. Hakuna mwingine kama wewe."

Akamtakia afya njema, akakata.

Mzee alikuwa ananitazama midomo, ananitazama macho. "Amesema nini?"

Nilivuta kiti mpaka mbele yake ili asome vizuri. "Amesema amesikia."

Akashusha pumzi ndefu, akaegemea nyuma, mikono yake safi juu ya magoti. "Basi," akasema. "Jina lako sasa limesafishika." Nikamaliza chai, nikabeba vikombe vyote viwili, nikaenda nikaviosha.